Matufaha ya Saida: Mwongozo Kamili wa Kupanda, Kukamua na Kuinywa Ugenini kwa Desturi za Wenyeji

Ukichuma tufaha la Kingston Black mtini na kuliuma, utalitema. Ukakasi wake unakaza ulimi na fizi kama bibo lisiloiva, halafu uchachu unafuata. Asiyelijua atasema tunda limeharibika. Lakini ndilo ambalo wakulima wa Somerset wamelitunza kizazi baada ya kizazi, kwa sababu juisi yake ikichachuka taratibu wakati wa baridi hutoa saida, yaani pombe ya juisi ya matufaha, iliyo nzito na yenye rangi ya kaharabu, na ladha yake hukaa kinywani muda mrefu baada ya kumeza.

Naliweka hili mbele kwa sababu wengi wetu tunaoishi Ulaya huanzia mwisho. Tunanunua mtambo wa kukamulia, ndoo na hamira, kisha tunakamua matufaha ya kula ya dukani. Kinachopatikana ni kinywaji chepesi, kichachu, kisicho na cha kukumbukwa. Ubora wa saida huamuliwa na mti, na mti hupandwa miaka kadhaa kabla ya glasi ya kwanza.

Mwongozo huu unamfaa zaidi anayeishi magharibi mwa Uingereza, yaani Herefordshire, Somerset, Devon na Gloucestershire, ambako kilimo hiki kina mizizi. Aliyeko Wales, Ireland au kaskazini mwa Ufaransa anaweza kuufuata karibu wote. Msomaji wa Lushoto, Njombe au Kinangop nimemwekea sehemu yake mbele.

Hatua ya 1: Zijue familia nne za matufaha

Mwaka 1903 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa matunda na saida huko Long Ashton, karibu na Bristol. Wataalamu wake waliyapanga matufaha ya saida kwa vipimo viwili: tanini, inayoleta uchungu na ukakasi, na asidi, inayoleta uchachu. Tanini ikizidi asilimia 0.2 ya juisi, tufaha huhesabiwa chungu. Asidi ikizidi asilimia 0.45, huhesabiwa kali. Mpangilio huo unatumika hadi leo.

Yapo matamu matupu, kama Sweet Coppin. Yapo matamu-machungu, na hawa ndio wengi: Dabinett, Yarlington Mill, Michelin, Harry Masters Jersey. Yapo makali-machungu, kama Kingston Black, Stoke Red na Foxwhelp, tufaha la Gloucestershire linalojulikana tangu karne ya 17. Na yapo makali, kama Browns Apple la Devon.

Kila familia ina kazi yake. Matamu-machungu yanaleta uzito na ladha, lakini asidi yao ni ndogo, na juisi yenye asidi ndogo hushambuliwa na bakteria upesi. Makali ndiyo walinzi. Kwa hiyo saida nyingi za kienyeji ni mchanganyiko, na shamba dogo nalo lipangwe kimchanganyiko.

Kama una nafasi ya miti minne, ushauri wangu ni huu: Dabinett miwili, Yarlington Mill mmoja na Browns Apple mmoja. Dabinett iliokotwa ikiwa mche wa porini kwenye ua wa miti huko Middle Lambrook, Somerset, na ni mti wenye adabu. Haukui ovyo, unajichavusha wenyewe, unazaa mapema, na saida yake inanyweka hata bila kuchanganywa. Unapenda potasiamu, basi jivu kidogo la kuni haliupi shida. Yarlington Mill una nguvu zaidi, ila una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata.

Kingston Black, pamoja na sifa zake zote, usiufanye mti wako wa kwanza. Huzaa kidogo na ugonjwa wa vidonda vya gome huupenda mno. Upande baadaye, ukishazoea miti mingine.

Hatua ya 2: Chagua shina la chini

Mti wa tufaha unaonunua ni miti miwili iliyounganishwa. Juu kuna aina uliyoichagua, chini kuna shina lenye mizizi, na shina hilo ndilo linaloamua ukubwa wa mti. Ukipanda mbegu ya Dabinett hutapata Dabinett. Utapata mti mgeni usiojua tabia yake.

Kwa bustani ya nyumbani chukua MM106. Mti wake hufikia mita nne au tano, hupandwa kwa nafasi ya mita nne hadi tano, na huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Kasoro yake ni moja: kwenye udongo unaotuama maji mizizi huoza. Hapo MM111 ni salama zaidi.

Ukiwa na shamba la kweli na unataka kondoo wapite chini ya matawi, chukua M25. Miti yake ni mikubwa, inahitaji mita nane hadi kumi, na utasubiri miaka mingi kabla ya mavuno ya maana, ila wajukuu wako wataichuma. Kwa kondoo, wakulima wengi wa matunda huchagua wale wa Shropshire, kwa kuwa hawana tabia kubwa ya kutafuna magome.

Hatua ya 3: Kupanda

Agiza miche ya mwaka mmoja isiyo na udongo kwenye mizizi. Ni ya bei nafuu kuliko ya kwenye vyungu na hushika vizuri zaidi. Hupandwa mti ukiwa umelala usingizi wa baridi, kuanzia Novemba hadi Machi, siku ambayo ardhi haijaganda wala haijajaa maji. Agiza mapema, kabla ya Septemba kwisha, maana aina za saida huuzwa na vitalu vichache na huisha haraka.

Chagua mahali penye jua na udongo usiotuamisha maji. Epuka bonde la chini kabisa la shamba: hewa baridi hushuka na kukaa huko, na jalidi ya mwezi Mei huua maua yote kwa usiku mmoja.

Chimba shimo pana kuliko mizizi, lisilo refu kwenda chini. Usijaze samadi ndani, itaunguza mizizi na kuifanya isitake kutoka nje ya shimo. Loweka mizizi kwenye maji kwa saa moja. Piga kigingi kwanza, upande unaotoka upepo, ndipo usimamishe mche. Ile sehemu iliyovimba ambapo miti miwili imeungana lazima ibaki juu ya ardhi, angalau upana wa kiganja. Ukiifukia, sehemu ya juu itaota mizizi yake, na mti wa MM106 uliotaka ubaki mdogo utageuka jitu.

Rudisha udongo uleule, kanyaga taratibu, mwagilia ndoo nzima hata kama kunanyesha. Funga kwa mkanda laini unaoruhusu mti kuyumba kidogo. Zungushia wavu wa sungura.

Hatua ya 4: Miaka ya malezi

Adui mkubwa wa mche si mdudu, ni nyasi. Nyasi hunywa maji na kula chakula kabla mti haujapata. Weka duara la mita moja lisilo na nyasi kwa miaka minne ya mwanzo, ulifunike kwa matandazo ya vipande vya mbao au mboji, lakini matandazo yasiguse shina. Wakati wa ukame mwagilia kwa wingi mara moja kwa wiki, badala ya vikombe viwili kila siku.

Maua ya mwaka wa kwanza na wa pili yaondoe. Najua inauma. Mti unaozaa kabla haujajenga mizizi hudumaa.

Kupogolea hufanywa wakati wa baridi. Kata matawi yaliyokufa, yenye ugonjwa na yanayosuguana, kisha acha shina moja la kati na matawi yanayotoka kwa pembe pana. Ukiona kidonda kilichozama kwenye gome, chenye pete za ukoko, kata hadi ufikie mbao safi na uchome ulichokata. Upele wa majani na matunda hupungua ukiokota na kuondoa majani yaliyopukutika. Ubwiri unga huonekana kwenye vichipukizi vya mwezi Mei, na dawa yake ni mkasi. Kuhusu funza wa matunda, habari njema ni kwamba tufaha la saida halihitaji sura nzuri. Sijaona sababu ya kupiga dawa kwenye miti minne ya nyumbani.

Hatua ya 5: Kuvuna

Haya ni matunda ya kuanguka yenyewe. Hayachumwi yakiwa magumu kama ya kula. Kuanzia Septemba kwa aina za mapema hadi Novemba kwa Dabinett, mti huachia wenyewe, nawe husaidia kwa kutikisa matawi kwa ufito mrefu wenye ndoano. Okota kila baada ya siku chache. Yaliyobonyea hayana shida, yaliyooza na kuwa ya kahawia hadi ndani yatupe. Kama ng'ombe au kondoo wamepita chini ya miti, waondoe wiki nane kabla, na osha matunda kwa makini, kwa sababu bakteria wa kinyesi hawana mchezo.

Yaliyookotwa yaweke kwenye magunia ya wavu mahali pakavu kwa wiki mbili au tatu ili wanga uliobaki ugeuke sukari. Bonyeza kwa dole gumba: likizama kwa urahisi, siku imefika.

Hatua ya 6: Kusaga na kukamua

Osha tena. Saga matunda hadi yawe kama uji mzito wenye vipande vidogo. Kisagio kizuri kina kazi kubwa kuliko kikamulio, maana vipande vikubwa havitoi juisi hata ukining'inia kwenye mpini. Vyombo viwe vya chuma cha pua, mbao au plastiki ya chakula. Chuma cha kawaida hukutana na tanini na kuigeuza juisi nyeusi. Madini ya risasi usiyakaribishe kabisa: mwaka 1767 daktari George Baker alionyesha kwamba maumivu makali ya tumbo yaliyowasumbua watu wa Devon yalitokana na risasi iliyotumika kwenye mitambo ya kukamulia.

Juisi ya matamu-machungu huwa nyekundu-kahawia ndani ya dakika chache ikiguswa na hewa. Usishtuke, hiyo ndiyo rangi yake. Machicha yamwage kwenye mboji au wape nguruwe kwa kiasi.

Kwa vifaa vya nyumbani, kilo 10 za matufaha hutoa lita tano hadi sita.

Hatua ya 7: Kuchachusha

Hapa ndipo subira inapolipa. Pima sukari kwa haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa juisi ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000: juisi ya 1.050 ikichachuka yote itakupa saida ya asilimia 6.5 hivi. Pima pia pH, yaani kiwango cha uchachu (namba ikishuka, uchachu unapanda), kwa karatasi au kipimo cha betri. Unatafuta kati ya 3.2 na 3.8. Ikizidi 3.8, ongeza juisi ya matufaha makali. Bramley la jikoni linatosha.

Halafu amua kuhusu salfaiti, dawa ya kuhifadhi juisi. Kidonge kimoja cha kawaida cha watengeneza mvinyo kwa lita 4.5 huweka takribani miligramu 50 kwa lita. Juisi yenye pH chini ya 3.3 inataka kimoja, ya 3.3 hadi 3.5 viwili, na ya 3.5 hadi 3.8 vitatu. Kiasi hicho huua bakteria na hamira dhaifu, kisha baada ya saa 24 unaweza kutia hamira ya mvinyo au kusubiri ile hamira ya asili yenye nguvu iinuke yenyewe. Mimi napendelea kusubiri. Inaweza kuchukua wiki mbili bila dalili yoyote, na ladha yake huwa na mambo mengi kuliko ya hamira ya pakiti. Anayeanza, au mwenye juisi ya pH ya juu, atumie pakiti alale usingizi.

Jaza mtungi, uache nafasi ndogo kwa povu la siku za mwanzo, funga kwa kizibo cha kupumulia chenye maji. Mahali pawe na nyuzijoto 10 hadi 15. Joto kubwa hukimbiza kazi na kupoteza harufu. Povu likitulia, jaza mtungi hadi shingoni. Hewa ndiyo inayogeuza saida kuwa siki.

Haidromita ikifika karibu 1.005, kwa kawaida baada ya miezi miwili au mitatu, hamishia kwenye mtungi safi kwa mpira, ukiacha mashapo chini. Acha hadi machipuko. Hali ya hewa ikipata joto, bakteria wazuri huweza kulainisha ile asidi kali, na utaona viputo vikirudi.

Kuitia kwenye chupa: subiri isomeke 1.000 au chini yake, siku kadhaa mfululizo bila kubadilika. Ukitaka iwe na gesi kidogo, tia gramu 6 za sukari kwa lita na utumie chupa nene za shampeni pekee. Chupa ya kawaida yenye sukari iliyobaki hupasuka, na vioo vyake hujeruhi watu.

Asiyekunywa pombe anaishia hatua ya 6. Jaza juisi mbichi kwenye chupa za kioo, zitumbukize kwenye maji, ipashe juisi ifike nyuzi 75 na uishikilie hapo dakika 20, kisha ufunge. Juisi ya Browns Apple na Dabinett ikichanganywa ina ladha ambayo boksi la dukani halijawahi kuisogelea.

Kwa walioko nyanda za juu za Afrika Mashariki

Usiagize Dabinett uipande Lushoto. Matufaha ya saida yanataka saa nyingi za baridi kali, chini ya nyuzi 7, ndipo yaamke na kuchanua kwa pamoja, na baridi hiyo hatuna. Zinazoweza ni aina zisizodai baridi nyingi, kama Anna na Dorsett Golden, pamoja na kuondoa majani kwa mkono baada ya mavuno ili mti udanganyike kuchanua tena. Hayo ni matufaha ya kula. Saida yake itakuwa nyepesi na kavu, isiyo na tanini. Inanyweka, lakini si ile ya Herefordshire.

Ugenini: kuinywa kwa desturi za wenyeji

Anzia Hereford, kwenye makumbusho ya saida, kisha ingia vijijini. Hadi sheria ilipopiga marufuku mwaka 1887, vibarua wa mashamba ya huko walilipwa sehemu ya ujira kwa saida, na vibuyu vya mbao walivyobebea vimehifadhiwa. Kwenye lebo za Uingereza soma vizuri: sheria inaruhusu kinywaji kuitwa saida kikiwa na asilimia 35 tu ya juisi. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni juisi tupu. Ukiwa Somerset tarehe 17 Januari, fika Carhampton. Wanakijiji hukusanyika usiku kwenye shamba la matufaha, huweka mkate uliolowa saida matawini, humwagia mti saida mizizini, huimba na kufyatua bunduki hewani ili miti izae.

Asturias, kaskazini mwa Hispania, ndiko ninakompeleka yeyote mwenye nafasi ya safari moja. Desemba 2024 UNESCO iliuingiza utamaduni wa saida wa huko kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Matufaha yao, kama Regona na Raxao, ni makali kuliko ya Uingereza, na saida yake ya asili haiongezwi gesi wala sukari. Kwa hiyo humiminwa kwa namna ya pekee. Mhudumu huinua chupa juu ya kichwa, mkono umenyooka, glasi pana ya kioo chembamba akiishika chini karibu na nyonga, imelala kidogo. Haangalii chupa. Uzi mwembamba wa saida hushuka na kugonga ukingo wa ndani wa glasi, kinywaji kinatoa povu jeupe na harufu inafunguka. Povu hilo hudumu sekunde chache tu.

Kwa hiyo ukipewa, kunywa papo hapo, kwa pumzi moja. Kilichomo ni kidole kimoja au viwili, si glasi nzima. Bakiza kidogo na ukimwage chini kupitia ule upande uliouweka mdomoni, kwa sababu kwa desturi glasi moja huzunguka kwa marafiki. Usijimiminie mwenyewe. Mtazame mhudumu, atakuja. Huagizi glasi, unaagiza chupa, na kwa mezani agiza jibini la Cabrales au soseji iliyopikwa kwa saida. Mtaa wa Gascona mjini Oviedo umejaa nyumba za saida, lakini Villaviciosa na Nava, penye makumbusho yake, ndiko mashamba yaliko.

Nchi ya Wabaski iko upande wa mashariki, na msimu wake ni Januari hadi Aprili au Mei. Astigarraga iko kilomita chache kutoka San Sebastián. Unalipia mlo mzima: kimanda cha chewa, chewa kwa pilipili hoho, nyama nene ya ng'ombe, kisha jibini na jozi. Mtu akiita *txotx*, inuka na glasi yako, panga foleni mbele ya pipa kubwa, daka uzi unaotoka pembeni, na ondoka kabla haujakatika ili wa nyuma yako adake. Nenda kwa basi au teksi.

Normandy ni upole mtupu. Saida ya Pays d'Auge ilipata hadhi ya jina la asili mwaka 1996, na eneo la Cambremer lina njia yenye vibao inayokupitisha shamba hadi shamba. *Doux* ni tamu na haizidi asilimia 3, *brut* ni kavu zaidi. Ukivuka hadi Bretagne, inywe kwa kikombe cha udongo pamoja na chapati nyembamba za unga wa ngano nyeusi.

Frankfurt wanakunywa kavu na kali sana, kutoka kwenye jagi la kijivu lenye michoro ya buluu, hasa mtaa wa Sachsenhausen. Meza ni ndefu na mnakaa na wageni. Glasi ya kwanza itakukunja uso. Agiza ya pili pamoja na jibini lililolowekwa kwa vitunguu na siki.

Ukirudi na chupa, zifunge kwa nguo ndani ya begi la kupakiwa, na uangalie njia yako: Kuwait na Saudi Arabia hawaruhusu msafiri kuingia na pombe. Saida ya asili ya Asturias haikai kama mvinyo. Iweke mahali baridi na penye giza, inywe ndani ya mwaka, na ukishaifungua imalize siku hiyohiyo.